Pepo za dunia na pepo za mahali: mbona "hewa moto hupanda" haitoshi?

Dira360

Wakuu, salamu. Vitabu vingi vya jiografia vinaeleza upepo kwa sentensi moja: hewa ya moto hupanda, hewa ya baridi huja kujaza nafasi yake. Nikiipima sentensi hiyo kwa mambo yanayojulikana, inakwama sehemu nne.

Kwanza, kama jua linachoma ikweta, hewa ingepaswa kuja moja kwa moja kutoka kaskazini na kutoka kusini. Mbona pepo za biashara zinatoka kaskazini-mashariki na kusini-mashariki? Pili, hewa iliyopanda ikweta hushuka karibu na latitudo 30. Kwa nini hapo, isifike nchani? Tatu, upepo wa bahari wa mchana unawezaje kuvuma ndani ya upepo mkubwa wa dunia bila kumezwa? Nne, na hili ndilo la kazi: mtu akiwa na vipimo vya kila saa vya kasi na mwelekeo, atajuaje sehemu ipi ni ya upepo wa dunia na ipi ni ya mahali?

Naomba majibu yenye tarakimu. Picha za mishale zipo tele.

---

Isoba

Sentensi hiyo imeruka hatua ya katikati, na hatua hiyo ndiyo upepo wenyewe. Kinachoisukuma hewa kwenda upande ni tofauti ya mgandamizo kati ya mahali na mahali. Joto linaitengeneza tofauti hiyo, tena kwa njia ya mzunguko ambayo huanzia juu, si chini.

Chukua ufukwe alfajiri. Tuseme hewa juu ya nchi kavu na juu ya maji ina joto sawa, mgandamizo ni sawa, upepo hakuna. Jua linatoka. Kupasha udongo mkavu wa kina cha sentimita 10 kwa nyuzi 1 kunahitaji takriban kilojuli 130 kwa kila mita ya mraba. Jua la utosini hutoa takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ni kazi ya dakika mbili na ushei. Maji ya kina cha mita moja yanahitaji kilojuli 4,190, yaani dakika 70 za jua hilo hilo. Na bahari haiishii mita moja: mawimbi huchanganya maji kwenda chini mita kumi na zaidi, na sehemu ya joto huondoka na mvuke. Ndiyo maana ardhi inapanda nyuzi nyingi kwa siku na bahari karibu haisogei.

Sasa fuata mpangilio wa matukio. Tuseme hewa juu ya nchi kavu, unene wa mita 1,000, imepata joto la nyuzi 3 zaidi. Hewa ya nyuzi 27 ni kelvini 300, yaani nyuzi 300 ukihesabu kutoka sifuri halisi ya joto, kwa hiyo nyuzi 3 ni asilimia moja, na safu nzima inavimba kwa asilimia moja: mita 10 kwenda juu. Mpaka hapa mgandamizo chini haujabadilika hata kidogo, maana uzito wa hewa iliyoko juu ya ardhi ni ule ule. Kilichobadilika ni kule juu. Kwenye kimo cha mita 1,000 mgandamizo hupungua hektopaskali 1 (hPa, sawa na paskali 100 za mgandamizo) kwa kila mita 9 hivi unazopanda, kwa hiyo safu iliyovimba mita 10 ina mgandamizo mkubwa zaidi kwa takriban hPa 1.1 kuliko hewa ya kimo hicho hicho juu ya bahari. Hewa ya juu inaanza kutiririka kuelekea baharini. Ikishatoka, safu ya nchi kavu imepungua uzito, na hapo ndipo mgandamizo wa chini unaposhuka. Upande wa bahari safu imeongezewa hewa, mgandamizo wa chini umepanda. Ndipo upepo wa chini unapovuma kuja nchi kavu.

Kasi yake? Tofauti ya hPa 1 katika kilomita 50 ni paskali 0.002 kwa kila mita. Gawa kwa kilo 1.2, uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, unapata mchapuko wa mita 0.0017 kwa sekunde kwa kila sekunde. Unaonekana mdogo mno, lakini kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, hewa imefikia mita 6 kwa sekunde. Msuguano wa ardhi unaipunguza. Upepo wa bahari wa kawaida huwa kati ya mita 3 na 8 kwa sekunde, unene wa mita mia kadhaa hadi elfu moja, na huingia bara kilomita 20 hadi 50, penye ardhi tambarare hata zaidi ya 100.

Usiku mambo hugeuka, ila upepo wa nchi kavu ni dhaifu, mara nyingi mita 1 hadi 3 kwa sekunde. Sababu ni kwamba mchana joto husambazwa na hewa inayochemka hadi kimo kikubwa, ilhali usiku baridi hulala kwenye tabaka jembamba tu karibu na ardhi. Safu fupi, tofauti ndogo ya mgandamizo, upepo mdogo.

Swali lako la tatu: humezwa, tena mara nyingi. Upepo mkubwa ukivuma kutoka bara kwa zaidi ya mita 8 hivi kwa sekunde, upepo wa bahari haufiki nchi kavu. Ukivuma kwa mita 3 au 4, haumezwi bali unachelewa, na ukingo wake unakuwa mkali: joto linashuka ghafla nyuzi kadhaa na mstari wa mawingu unajipanga sambamba na pwani. Mawingu yakifunika ardhi tangu asubuhi, usitarajie kitu.

---

Latitudo30

Isoba amemaliza ya ufukweni, nami niyachukue maswali mawili ya kwanza. Injini ni ile ile ya safu inayovimba: hewa nene ya ikweta, hewa iliyosinyaa ya nchani. Kikomo cha juu cha hewa yenye hali ya hewa kiko kilomita 16 hadi 18 juu ya ikweta na 8 au 9 tu juu ya ncha. Kinachogeuza kila kitu ni umbali na muda, kwa sababu hewa ikisafiri kwa muda mrefu dunia inakuwa imezunguka chini yake.

Ikweta inakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde. Latitudo 30 inakwenda kwa 403. Hewa inayotoka latitudo 30 kuelekea ikweta inaingia kwenye ardhi inayokimbia kuliko yenyewe, hivyo inabaki nyuma, na kwa mtu aliyesimama chini inaonekana ikija kutoka mashariki. Hilo ndilo wazo la George Hadley la mwaka 1735. Edmond Halley alijaribu kueleza pepo hizo mwaka 1686 kwa kulifuata jua linavyokwenda magharibi, akakosa. Hadley alikuwa karibu, ila alidhani hewa inahifadhi kasi yake ya mstari. Kinachohifadhiwa ni kasi mara umbali kutoka kwenye mhimili wa dunia, na tofauti hiyo si ndogo. Gaspard-Gustave Coriolis aliandika hesabu ya mifumo inayozunguka mwaka 1835 akiwa anashughulika na mashine. Aliyeileta kwenye upepo ni William Ferrel, mwaka 1856.

Kanuni yenyewe ni fupi: kaskazini mwa ikweta hewa inayosogea huvutwa kuumeni kwake, kusini mwa ikweta huvutwa kushotoni. Nguvu ya mvuto huo ni kasi ya upepo mara kigezo f, ambacho ni 2 × 0.0000729 (kasi ya dunia kujizungusha, radiani kwa sekunde) × saini (sin) ya latitudo. Penye ikweta f ni sifuri.

Sasa latitudo 30. Chukua hewa iliyopanda ikweta ikiwa imetulia kulingana na ardhi, halafu ipeleke juu kwa juu kuelekea nchani. Kadiri inavyokaribia mhimili wa dunia inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwenye latitudo 15 itakuwa inavuma kutoka magharibi kwa mita 32 kwa sekunde. Kwenye latitudo 30, kwa mita 134 kwa sekunde. Ukiipeleka 60, hesabu inakupa zaidi ya mita 690, jambo lisilowezekana. Muda mrefu kabla ya hapo mkondo unakuwa hautulii, unavunjika na kuwa mawimbi na vimbunga vya latitudo za kati, navyo ndivyo vinavyobeba joto katika sehemu iliyobaki ya safari. Kwa hiyo mzunguko wa Hadley, yaani hewa kupanda ikweta, kwenda juu kwa juu, kushuka na kurudi chini kwa chini, unaishia pale ambapo dunia inauruhusu kufika. Sayari inayozunguka polepole ingekuwa nao mpana zaidi, na Zuhura, inayojizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu, inao unaoenea mbali zaidi kuelekea nchani.

Kuna sababu ya pili. Hewa iliyoko juu hupoteza joto kwenda angani, nyuzi 1 hadi 2 kwa siku, kwa hiyo njiani inakuwa nzito na kushuka kidogo kidogo. Ikishuka inabanwa, inapata joto, inakauka. Ndiyo maana Sahara, Arabia na majangwa ya Australia yamejipanga kwenye mikanda hiyo miwili.

Vitabu huchora mizunguko mitatu, ya Hadley, ya Ferrel na ya nchani, kana kwamba yote ni sawa. Hapa nina ugomvi navyo. Ule wa katikati hauendeshwi na joto moja kwa moja. Hewa yake hupanda upande wa baridi na kushuka upande wa moto, kinyume cha injini. Unaburutwa na mawimbi na vimbunga vinavyopita. Ukiutazama siku moja kwenye ramani hutauona. Hujitokeza tu unapochukua wastani wa muda mrefu kuzunguka dunia nzima. Pepo za biashara, kwa upande mwingine, utazikuta karibu kila siku baharini, mita 5 hadi 8 kwa sekunde.

Zinapokutana, kwenye ukanda wa mvua, mstari wake haukai juu ya ikweta. Wastani wake uko digrii chache za latitudo kaskazini, na huhama na jua. Penye bahari tupu huhama kidogo. Penye bara kubwa huhama sana, na hapo ndipo pepo za msimu zinapozaliwa. Bahari ya Hindi ni mfano bora duniani: bara la Asia likipata joto, pamoja na uwanda wa Tibet ulio zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari, mgandamizo mdogo unahamia kaskazini na upepo wa kusini-mashariki unalazimika kuvuka ikweta. Ukishavuka, mvuto wa kushoto unageuka kuwa wa kulia, na kusi ile ile iliyokuwa inatoka kusini-mashariki inaingia Bahari ya Arabuni ikiwa inatoka kusini-magharibi. Karibu na pwani ya Somalia hujibana kuwa mkondo wa kasi kwenye kimo cha kilomita moja hadi moja na nusu. Asia ikipoa, kaskazi inarudi.

Ukitaka kujua papo hapo mgandamizo mdogo uko wapi, ipe upepo mgongo. Kaskazini mwa ikweta uko kushotoni kwako, kusini mwa ikweta uko kuumeni. Ni kanuni ya Buys Ballot ya mwaka 1857. Karibu na ikweta usiitumie. Tofauti ya hPa 1 katika kilomita 100 inasawazishwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde kwenye latitudo 45. Kwenye latitudo 5 ingehitaji mita 65 kwa sekunde ili kusawazishwa, na upepo huo haupo. Hewa pale hutiririka tu kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo na kuufuta, ndiyo maana ramani za ikweta zina mistari michache mno ya mgandamizo.

---

Dira360

Asanteni sana, hatua ya safu kuvimba imenifungulia mengi. Nina mawili ya nyongeza. Kama mzunguko wa dunia unapinda upepo, kwa nini upepo wa bahari unakuja pwani karibu moja kwa moja, bila kupinda? Na je, upepo wa moto unaoshuka mlimani umekaaje? Hewa ya mlimani ni baridi, sasa inashukaje ikiwa moto?

---

Isoba

La kupinda ni suala la muda. Gawa 1 kwa f unapata muda ambao mzunguko wa dunia unahitaji kuanza kuonekana. Latitudo 45 ni saa 2.7. Latitudo 30 ni saa 3.8. Latitudo 5 ni saa 22. Upepo wa bahari unaishi saa nane au kumi. Kwa hiyo kwenye latitudo za kati unaanza ukiwa umeelekea nchi kavu moja kwa moja, na ikifika jioni umeshapinda hadi unakaribia kuwa sambamba na pwani. Karibu na ikweta jua linazama kabla haujapata nafasi ya kupinda. Ukiona unapinda hapo, tafuta sababu nyingine: umbo la pwani, milima, au upepo mkubwa uliobadilika.

Kwa hesabu hiyo hiyo, maji ya sinki yanayoisha kwa nusu dakika hayana habari na mzunguko wa dunia. Upindaji wake ni kama sehemu mbili za kumi za digrii. Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, aliweza kuuonyesha mwaka 1962, lakini kwa tangi la upana wa mita 1.8 lililoachwa litulie saa 24, likamwagwa kupitia tundu dogo. Kwenye sinki la kawaida, umbo la bakuli na jinsi maji yalivyoingia ndivyo vinavyoamua.

---

Kilele

La mlima naomba nilichukue mimi, maana hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyaweka kapu moja.

Upepo wa mteremko wa usiku ni wa baridi na unashuka kwa sababu ni mzito. Ardhi ya mteremko inapoa, hewa inayoigusa inapoa kuliko hewa ya kimo hicho hicho iliyoko katikati ya bonde, basi inateleza. Tabaka lake ni jembamba, kati ya mita 5 na 50, na kasi ni mita 1 hadi 4 kwa sekunde. Inahitaji anga jeupe, hewa kavu, na upepo wa jumla usiozidi mita 3 hivi kwa sekunde. Wingu likitanda, kazi imekwisha, maana linarudisha joto chini. Baridi hiyo hukusanyika chini ya bonde kama maji, na chini panaweza kuwa baridi kuliko katikati ya mteremko kwa nyuzi 5 au 10. Ua mnene au ukuta uliokingama mteremko huizuia kama bwawa, na mimea iliyo upande wa juu wa ua ndiyo inayoungua na jalidi kwanza. Dawa ni kuacha mwanya upande wa chini kabisa ili hewa ipite.

Mchana ni kinyume: upepo hupanda kingo za mteremko muda mfupi baada ya jua kuugusa, kisha baadaye, karibu na adhuhuri, bonde zima linaanza kuvuta hewa kutoka tambarare. Ni pepo mbili tofauti zenye saa tofauti. Bonde huvuta kwa sababu lina hewa kidogo kuliko tambarare ya upana huo huo, kuta zake zimechukua nafasi, kwa hiyo joto lile lile linaipasha zaidi.

Mteremko ukiwa mkubwa kama wa Antaktika, ule upepo mdogo wa usiku unakuwa dhoruba. Cape Denison, ambako mpelelezi Douglas Mawson alipiga kambi mwaka 1912, wastani wa mwaka mzima ulikuwa karibu mita 20 kwa sekunde.

Upepo wa moto ni habari nyingine. Huyu hashuki kwa uzito wake, anasukumwa na mgandamizo kuvuka mlima, na anapata joto kwa kubanwa: nyuzi 9.8 kwa kila kilomita anayoshuka. Maelezo ya vitabuni ni haya. Hewa ya nyuzi 20 inaanza kupanda kutoka usawa wa bahari. Kwa kilomita ya kwanza inapoa hadi nyuzi 10, wingu linaanza. Kuanzia hapo mvuke unapogeuka matone unatoa joto, hivyo hewa inapoa nyuzi 6 tu kwa kilomita. Kileleni, mita 3,000, iko nyuzi 2 chini ya sifuri. Ikishuka upande wa pili ikiwa kavu inapata nyuzi 29.4, na inafika chini ikiwa na nyuzi 27.4. Imeondoka na 20, imefika na 27.

Hesabu ni sahihi kwa sharti moja ambalo husahaulika: maji lazima yaanguke kama mvua upande ule wa kwanza. Wingu likivuka mlima pamoja na hewa, matone yatarudi kuwa mvuke wakati wa kushuka, yatakunywa joto lile lile, na hutapata faida yoyote. Tena upepo wa moto huvuma hata siku ambazo upande wa pili haukunyesha tone. Hapo kinachotokea ni kwamba hewa nzito ya chini imekwama nyuma ya mlima, haina nguvu ya kupanda, na inayovuka ni ile ya kimo cha kilele. Ikiwa chini ni nyuzi 20 na joto linapungua nyuzi 6.5 kwa kilomita, hewa ya mita 3,000 iko nyuzi 0.5. Ishushe hadi chini, inafika nyuzi 29.9. Bila mvua, bila wingu.

Alpi huuita föhn, Amerika ya Kaskazini huuita chinook. Tarehe 22 Januari 1943 huko Spearfish, South Dakota, kipimajoto kilitoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu ya sifuri kwa dakika mbili. Hewa haikupashwa kwa dakika mbili. Ni mpaka kati ya hewa mbili uliopita juu ya kituo.

---

Mita10

Swali la nne. Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha kifaa kinapima upepo na si jengo. Kiwango cha kimataifa ni kimo cha mita 10 juu ya ardhi ya wazi, na kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Mti wa mita 8 uwe mita 80 mbali. Juu ya paa upepo hubanwa na kuharakishwa ukingoni, kisha nyuma yake hujizungusha, na mwelekeo unaoupata hapo ni wa paa. Wastani uchukuliwe kwa dakika 10. Sifuri ya mshale ielekezwe kaskazini halisi. Ukitumia dira ya sumaku bila kusahihisha, mwelekeo wako wote umepotoka kwa kiasi kile kile, na sehemu nyingine duniani kiasi hicho kinapita digrii 15. Kumbuka pia upepo hutajwa kwa upande unakotoka: digrii 90 ni upepo wa mashariki.

Kisha kusanya angalau siku 14 mfululizo, mwezi ni bora. Badili kila kipimo kuwa sehemu mbili: u = −V × saini ya mwelekeo, v = −V × kosaini ya mwelekeo, V ikiwa kasi. Ya kwanza ni mwendo wa kuelekea mashariki, ya pili kaskazini. Chukua wastani wa u na wa v kwa kipindi chote. Huo ndio upepo wa usuli, wa dunia au wa msimu. Halafu chukua wastani wa saa moja moja: saa saba mchana zote pamoja, saa nane zote pamoja, hadi saa 24 zitimie. Toa upepo wa usuli katika kila saa. Kinachobaki ni mzunguko wa siku. Ukikichora kwenye karatasi ya u na v, upepo wa bahari hutokea kama duaradufu iliyoelekea pwani, na wa bonde kama mstari unaofuata bonde.

Hapa wengi hukosea. Kasi kupanda mchana na kushuka usiku peke yake si dalili ya upepo wa mahali. Mchana hewa inayochemka huushusha upepo wa juu hadi chini, usiku ardhi baridi hukata uhusiano huo na upepo wa chini hufa, wakati mita 200 hadi 500 juu unazidi kukimbia. Kituo kikionyesha digrii 120 kwa mita 2 usiku na digrii 130 kwa mita 6 mchana, upepo ni ule ule. Dalili ya upepo wa mahali ni mabaki kubadili upande, si kubadili ukubwa tu kwenye mstari wa upepo wa usuli.

Jingine ni baromita. Kwenye latitudo za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa takriban hPa 1 hadi 1.5 kila upande wa wastani. Huwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Hutokea kote, baharini na bara. Ukiona baromita imeshuka alasiri usiseme umeona mgandamizo mdogo wa upepo wa bahari. Huo unaonekana kwenye tofauti ya baromita mbili, moja pwani na nyingine bara, zikiwa zimesahihishwa kwa kimo, kwa sababu mita 8 tu za kimo ni hPa 1 nzima.

Ondoa pia saa za mvua ya radi. Mvua ikigeuka mvuke ndani ya hewa kavu huipoza, hewa hiyo huanguka na kutawanyika. Alama zake huja pamoja ndani ya dakika chache: joto chini nyuzi 5 hadi 10, mgandamizo juu hPa 1 hadi 3, upepo kugeuka ghafla. Matukio matatu tu kama hayo ndani ya wiki mbili yanatosha kupotosha wastani wa saa tisa alasiri.

---

Dira360

Nimejaribu kwa tarakimu mbili: digrii 350 na digrii 10, zote mita 4 kwa sekunde. Wastani wa kawaida wa digrii ni 180, upepo wa kusini kabisa, kumbe zote mbili ni za kaskazini. Kwa u na v nimepata u = 0 na v = −3.94. Kurudisha kwenye digrii lahajedwali inanipa 90. Nimekosea wapi?

---

Mita10

u na v zako ni sahihi. Kosa ni mpangilio ndani ya ATAN2, kanuni inayogeuza u na v kuwa pembe. Lugha nyingi za programu huandika atan2(−u, −v), lakini Excel huanza na ya pili: ATAN2(−v, −u). Ukizipindua, kaskazini inageuka kuwa mashariki, ndiyo hiyo 90. Jibu linatoka kwa radiani, kwa hiyo lizidishe kwa 180 na kugawa kwa pai, na likiwa hasi ongeza 360. Utapata 0, upepo wa kaskazini wa mita 3.94 kwa sekunde. Hifadhi pia wastani wa kawaida wa kasi, ambao hapa ni 4. Wastani wa u na v ukigawiwa kwa huo unakupa uthabiti wa upepo: hapa 0.985. Pepo za biashara baharini hutoa namba iliyo karibu na 1, na kituo kinachotawaliwa na upepo wa bahari mchana na wa nchi kavu usiku hutoa namba ndogo hata kama upepo unavuma saa zote. Ianze hesabu yako kwa namba hiyo kabla ya kuchora chochote.